Gundi Aliyoipima Mama Usafi

Kazini walimwita Mama Usafi, na wala hawakumwonea. Miaka tisa alikuwa mpimaji wa gundi katika maabara ya kiwanda cha mabasi. Kabla hajabandika chuma kwa chuma, alikifuta kwa spiriti, akakipiga msasa, akakifuta tena. Thubutu ukiguse kwa kidole, utamtambua! Kisha mashine ilikivuta na kukilegeza, ikakivuta na kukilegeza, mpaka gundi iachie au ifike mara milioni moja. Gundi mpya ya viti vya basi ilifika milioni. Akatia saini, na kiwanda kikaacha kufunga viti kwa bolti.

Mumewe, dereva, ndiye aliyekabidhiwa basi la kwanza la viti vya gundi. Alitamba nalo mtaa mzima.

Asubuhi moja Mama Usafi alitoka maabara akaenda karakana ya viti kuchukua kopo la gundi. Akamkuta fundi anafuta miguu ya viti kwa kitambaa cheusi tii, kile kile alichojifutia grisi mikononi.

"Mwanangu, unafutia hicho?"

"Ndicho, mama. Si tunatoa vumbi tu? Tangu viti vya kwanza."

Miaka yote hiyo hakuwahi hata siku moja kuja kuona wenzake wanavyobandika. Alikuwa anapima usafi wake mwenyewe, basi! Akaokota kipande cha mguu wa kiti kilichobandikwa wiki iliyopita na kutupwa kwa kukatwa vibaya, akarudi nacho mbio.

Akakifunga kwenye mashine, akasimama mbele ya namba za mashine.

"Shikilia," alikiambia. "Shikilia, nakuomba."

Elfu moja. Elfu mbili. Mkuu wake akachungulia mlangoni, akamtania: "Leo unaongea na vyuma?" Elfu nne na ushee, paa! Kipande kikaachana. Upande mmoja gundi yote, upande wa pili chuma kitupu, kinateleza kwa grisi.

Akampigia mumewe. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na tena. Mara ya sita ikapokelewa.

"Mke wangu, niko barabarani, nina abiria arobaini..."

"Simama! Baba watoto, simama pembeni, shusha watu wote, usiniulize kitu!"

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumpigia kelele namna ile. Mumewe akasimama. Mama Usafi akasikia abiria wakinung'unika wanashuka, kisha kimya.

"Haya, wameshuka. Kuna nini?"

"Nenda nyuma. Tikisa kiti, kitikise kwa nguvu."

Akasikia hatua zake. Akamsikia akiguna, halafu mlio mdogo wa kitu kinachobanduka.

"Mke wangu," mumewe akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Kimenijia mkononi."

Mkuu alikuwa bado mlangoni, macho kwenye kile kipande. Mama Usafi akamgeukia.

"Yameshatoka mabasi mangapi?"

"Kumi na moja," mkuu akajibu. "Na saa hizi, ukiacha la mumeo, yote yana watu."