Daktari Aliyeutaka Ubongo wa Mama

Nilikuwa infirmier, yaani muuguzi, kwenye dispansari ya Fizi, miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji, alipofika daktari mmoja aliyechunguza wazee wanaosahau. Mimi nilimtafsiria. Aliwauliza huu ni mwaka gani, na mkubwa wa teritwari anaitwa nani. Mzee mmoja wa Lubondja akajibu kwamba mambo hayo anayajua karani. Daktari akamwandika mgonjwa. Nilimwambia daktari kwamba mzee yule ni mzima. Amuulize mihogo ilipandwa lini na wajukuu wake ni akina nani. Kesho yake alibadilisha maswali, nami nikaanza kumwamini.

Ndiyo maana nilimpeleka mjini Baraka, nyumbani kwa mama yangu. Mama alikuwa ameuza samaki wakavu sokoni maisha yake yote. Sasa alipotea kati ya mtoni na nyumbani, na mara mbili aliwasha moto juu ya mkeka. Majirani walisema amelogwa na dada yangu mkubwa, kwa sababu ndiye aliyempikia.

Daktari alimgonga magoti kwa nyundo ndogo, kisha akaniagiza nimuulize mimi ni nani.

"Huyu njo ndugu yangu," mama alisema. "Alikufaka mu maji."

Dawa hakuna, daktari aliniambia tulipotoka nje. Lakini mama akifa, yeye aruhusiwe kuuchukua ubongo wake auchunguze. Pengine watakaokuja baadaye watakingwa. Nilikubali. Dada nilimwambia jioni, akiwa anamwogesha mama. Hakuinua kichwa.

"Mudogo wangu, batu banasema mi njo nilimuloga. Na we unataka bamupasue kichwa, tumuzike vile?"

Mama alikufa wakati wa mvua, nikiwa kando yake. Lori la kupanda Fizi lilisimama sokoni asubuhi ile, na dereva alinijua; angempelekea daktari habari. Nililiacha liende. Tulimzika na kichwa chake kizima.

Daktari alipouliza, nilimdanganya kwamba barabara ilikatika. Alifunga daftari lake, akaniambia nimwite mgonjwa anayefuata.

Dada hakusalimika. Labda kama daktari angeuona ugonjwa ndani ya ubongo kwa macho yake na kuutaja mbele ya watu, wangemwacha. Sijui. Walimtupia mawe mpaka akahamia Ubwari kwa shangazi yetu. Nilimfuata kwa mtumbwi, nikakaa siku tatu. Tulitengeneza nyavu pamoja.