Kwenda Kumpigia Mama Picha ya Ndege

Mama ndiye aliyenitoa nyumbani. Miguu yake imegoma tangu mwaka juzi, anashinda kitandani hapa Kizwite, na siku moja akasema anatamani kumwona tena yule ndege mweusi anayeruka juu ya ulezi kijijini kwao, mwenye mkia mrefu mpaka unamlemea. Riziki yangu mimi ni picha za harusi na za pasipoti. Ndege sikuwahi kumpiga. Nikaazima lenzi ndefu kwa mpiga picha mwenzangu, nzito kama mchi, nikaaga.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye basi la Namanyere. Jana yake nilishinda harusini nimesimama, na baridi ya Ufipa haimhurumii mtu aliyechoka. Nilisinzia nimeikumbatia lenzi.

Saa mbili nilishuka, nikatembea karibu saa nzima kwenye vilima visivyo na mti. Mama mdogo Tekla, mdogo wake mama, nilimkuta shambani akiamia ndege: anapiga kelele, anarusha bonge la udongo, wanaruka, wanarudi, anaanza upya.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Dada hajambo? Mbona humleti?"

"Miguu, mama mdogo."

"Kwani miguu yake ndiyo inayoendesha basi?"

Nikamweleza habari ya picha, akacheka mpaka akashika kiuno. "Yaani mimi nawafukuza, wewe unawataka!"

Kufikia saa nne sikuwa na picha hata moja. Ndege akitua tu, bonge linaruka. Mikono ilinitetemeka, na kwenye lenzi ile ukitetemeka kidogo ndege hayupo tena. Nikamwomba mama mdogo atulie.

"Wakiumaliza ulezi, mwanangu, nitakula picha?"

Hata hivyo aliketi. Ndege wakashuka kundi zima, weusi wenye mikia pamoja na majike yao ya kahawia. Nikapiga, nikapiga. Majani yalitoka safi, ndege ukungu mtupu. Nikageuka, nikamwona mama mdogo anatazama masuke yake yakitikisika, kiganja mdomoni. Niliona aibu.

"Basi, mama mdogo. Fukuza."

Aliinuka kabla sijamaliza kusema. Nilibonyeza mara ya mwisho.

Jioni nilifika nyumbani mgongo unawaka, na unga wa ulezi aliotupatia mama mdogo. Nilimwonyesha mama ile picha ya mwisho huku nikimwomba radhi. Ndege alikuwa doa jeusi lenye mkia. Nyuma yake, safi hadi mikunjo ya uso, mama mdogo ameinua mkono.

Mama hakuuliza habari za ndege. Aliisogeza kamera karibu na macho.

"Tekla amezeeka hivi?" Akaigusa picha kwa kidole. "Bado anarushia mkono wa kushoto."

Nilichojifunza ni kwamba lenzi ndefu inataka mtu aliyelala vizuri. Tena kutoka kwetu hadi kwa mama mdogo ni asubuhi moja tu, na mimi miaka miwili nimekuwa nikisema nimechoka. Inaniuma.

Jumamosi nakodi gari. Mama ameshaniagiza nimketishe kando ya shamba, nimrundikie mabonge ya kutosha, na kamera niiache nyumbani.