Kifua Chuma na Panya wa Maabara

Mwenyewe hakupenda kuitwa kwa mkato. Alitaka jina litajwe lote: Kifua Chuma, mwana wa Mabega Mapana aliyebeba magunia ghalani, moja kila bega, huku akipiga mluzi, mjukuu wa Shingo Nene aliyeng'oa lango la zizi kwa mikono mitupu siku ufunguo ulipopotea. Mkewe alikuwa na nyongeza yake, kwamba ufunguo huo ulikuwa mfukoni mwa Shingo Nene muda wote, lakini nyongeza hiyo haikutolewa mbele ya wageni.

Kifua Chuma alikuwa na chumba cha mazoezi uani, chini ya paa la bati. Vyuma vyake vya kwanza alivitengeneza mwenyewe: bomba la maji, na huku na huku makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Baadaye akaongeza benchi, radio na kioo kirefu, vijana wakajaa, naye akawa anapita katikati yao kifua mbele, sigara sikioni. "Sukuma, bwana. Mama yako angekuwa amemaliza." Umri ulipoanza kumlegeza mikono, alianza kujidunga zile sindano wanazopeana watu wa vyuma kwa siri, homoni za kiume ndani ya mafuta. Misuli ikarudi. Sauti ikawa nzito, ndevu zikatoka mpaka karibu na macho. Mkewe alisema sindano zimemwongezea kila kitu isipokuwa akili.

Mke huyo ndiye aliyeigundua siri, na wala hakupeleleza. Mwanamume ambaye tangu ndoa yao hajapata kukumbuka kumwaga maji chooni, ghafla akawa anaingia na ndoo nzima na kutoka nayo tupu, na sakafu kaisugua inang'aa. Mwingine angeshukuru. Yeye aliweka kisu chini, akayaacha maganda ya vitunguu yalivyo, akamngoja mlangoni.

"Baba watoto, unaficha nini humo?"

"Naficha nini? Usafi."

"Wewe na usafi mmejuana lini?"

"Tusiposaidia mnalalamika, tukisaidia mnatuhoji kama polisi."

"Mkojo wako una rangi gani?"

Kifua Chuma akalitazama bati kana kwamba jibu limeandikwa kule juu. "Mwekundu kidogo," akasema. "Lakini hauumi."

"Bomba likitoa kutu kimyakimya ndiyo kusema ni zima? Vaa shati."

Hospitalini walipokewa na daktari mwanamke, mdogo wa umbo, ambaye Kifua Chuma angeweza kumnyanyua pamoja na kiti chake. Alimpima kwa mrija mwembamba wenye kamera. Mahali ulipopitia mrija huo mwenyewe amekataza pasimuliwe, kwa hiyo hapatasimuliwa. Yatosha kusema kwamba watu waliokuwa foleni nje walihama viti.

Daktari akawakalisha wote wawili. Akasema ameona uvimbe ndani ya kibofu, kama kijiuyoga, na unaelekea kuwa saratani. Bado unaonekana uko juu juu, haujazama kwenye msuli wa kibofu. Ukiondolewa mapema kuna matumaini mazuri. Ukiachwa ukazama, huenda ikabidi kibofu chote kitoke. Halafu akauliza habari za sigara. Halafu akautazama ule mkono mnene, akauliza habari za sindano.

"Nadunga kidogo tu," akasema Kifua Chuma.

"Mzee, saratani hii inawapata wanaume kuliko wanawake, na kwa mbali. Sigara ndiyo mchokozi mkubwa. Lakini hata ukiwatoa wavutaji, wanaume bado wanaongoza, na watafiti wanazishuku homoni za kiume. Seli za uvimbe zina kama vitasa, homoni ikiingia humo inaziambia zikue. Panya wa maabara waliohasiwa walipata uvimbe kidogo kuliko wenzao. Kwa binadamu bado wanachunguza, sitakudanganya. Ila wewe huenda ulikuwa unaweka mbolea kwenye shamba usilolijua. Keshokutwa njoo chumba cha upasuaji, tukuondolee."

Kifua Chuma aliacha kusikiliza pale kwenye panya. Akainuka, magoti yamebanana, akatoka, na mkewe nyuma yake kambebea viatu.

Nyumbani akatangaza kwamba mjukuu wa Shingo Nene hahasiwi kama panya. Keshokutwa ikaja, ikapita. Ndoo iliendelea kuingia chooni na kutoka. Hakula vizuri, na vijana walipomwita awahesabie, alihesabu akiwa amekaa.

Mkewe alimwacha siku kadhaa. Naye alielewa vilevile, kwamba wanataka kumhasi, na aibu ya kurudi kuuliza jambo kama hilo ilimshinda. Lakini mchana mmoja alimkuta peke yake mbele ya kioo, ameshika chuma, hakinyanyui wala hakiachi, uso umempauka. Akavuta benchi, akaketi.

"Wape," akasema.

"Niwape nini?"

"Hivyo wanavyovitaka. Wape. Watoto tumeshazaa, wajukuu wapo. Mimi nitakaa na kitakachobaki."

"Mama watoto, unajua unasema nini? Nitakuwa na sauti kama ya filimbi."

"Nimeishi na hiyo radio ya kooni mwako maisha yangu yote, acha nipumzishe masikio." Hakucheka. Akakiondoa chuma mikononi mwake, kidole kimoja baada ya kingine. "Mimi sikuolewa na ndevu. Usiniachie vyuma na kioo nikavipanguse vumbi peke yangu."

Kesho yake Kifua Chuma alioga, akavaa suti ya harusi isiyofunga vifungo, akaingia kwa daktari, mkewe nyuma yake, akasimama wima.

"Nimekuja. Toeni. Ila mnifunike uso, na habari isifike mtaani."

"Tutoe nini tena zaidi ya uvimbe?"

"Daktari, mimi ni mtu mzima. Fanyeni kama mlivyowafanya wale panya."

Daktari akamtazama, akamtazama mke, akaomba udhuru, akatoka. Walimsikia upande wa pili wa ukuta akicheka na kukohoa. Aliporudi, macho yamelowa, aliwaeleza polepole kwamba uvimbe unakwanguliwa kwa kupitia njia ileile ya mrija, na vingine vyote vinarudi nyumbani na mwenyewe.

"Ungeuliza tangu mwanzo," mke akamlaumu mumewe.

"Wewe ndiye uliyesema niwape."

Uvimbe ukatolewa, ukapimwa. Ulikuwa saratani kweli, na ulikuwa bado juu juu. Akapangiwa dawa ya kumiminwa ndani ya kibofu, na kuchunguzwa tena na tena kwa mrija uleule. Sigara mwisho, sindano mwisho. Kifua kikaanza kushuka, shati la zamani likamkaa vizuri, na mtaani wakasema amekonda kwa mawazo.

Siku aliyorudi uani, hakugusa chuma. Alisimama mlangoni akiwatazama vijana wake wakihema mbele ya kioo. Nusu yao yeye mwenyewe ndiye aliyewaonyesha pa kuchoma sindano. Akaingia jikoni kwa mkewe.

"Mama watoto, nina kazi ya kukupa."

"Toa."

"Nenda ukazime ile radio yao, uwaeleze. Sindano waache, anayeona damu aende hospitali. Mambo ya kibofu uyataje kwa majina yake, usizunguke. Mimi mbele yao siwezi."

Mkewe akafuta mikono kwenye kanga. "Na ya panya?"

Kifua Chuma akachungulia uani.

"Ya panya waambie mwishoni," akasema, "na ukae wewe mlangoni, asitoke mtu."