Kocha Aliyekata Rufaa Mechi Tuliyoshinda

Refa alipopuliza kwenda mapumziko, namba tisa wao hakwenda kwenye benchi.

Alikimbia moja kwa moja hadi nyuma ya goli, pale alipokaa mama mmoja mwenye kitenge cha kijani. Akapokea kitoto. Akajifunika taulo. Akaanza kunyonyesha.

Mimi nilikuwa na maji mdomoni, nikasahau kumeza.

"Mungu wangu! Ule njo mchezaji ao ni maman wa nyumba?" akasema mwenzangu Mugwaneza.

Benchi yetu nzima ikaangua kicheko.

Ndugu zangu, haya nimeyaona kwa macho yangu, hapa hapa kwetu Rusizi, Rwanda. Kama hujala, kula kwanza. Nikimaliza hutatamani chakula.

Naitwa Umwali. Nilikuwa mwaka wa sita, kapiteni wa timu ya basketi ya wasichana ya shule moja ya huku Gihundwe. Wapinzani wetu siku hiyo walitoka Nkanka, kule chini ziwani.

Msimu wetu unakwenda hivi: shule za wilaya zinacheza zenyewe kwa zenyewe, halafu mbili za juu zinapanda mashindano ya mkoa. Sisi na Nkanka tulikuwa tumeshapita wote. Tulikuwa tunagombea nafasi ya kwanza tu, yaani heshima.

Namba tisa, tuliambiwa, anaitwa Védastine. Alirudi uwanjani mkavu kabisa, kama vile alikuwa ameenda kunywa maji. Akatutia vikapu mfululizo.

Kicheko kikatuishia.

Bahati yetu, mwenzake aliyekuwa anamlisha mipira alitolewa kwa faulo ya tano. Hapo tukapumua, tukashinda.

Tulikuwa bado tunarukaruka na kukumbatiana, jasho linatutiririka, nikashikwa mkono. Kocha Anastase.

"Umwali, kuja usaini hapa."

Akanipeleka kwenye meza ya makarani. Chini ya karatasi ya mechi kuna nafasi ndogo, kapiteni anatia sahihi pale kama timu yake inakata rufaa. Ukishinda huigusi.

"Kocha, si tumeshinda?"

"Saini."

"Tunalalamika juu ya nini?"

"Ule namba tisa ni mwanamke mwenye nyumba. Hawezi kucheza na batoto. Ni uchafu."

Nilimwangalia usoni. Hakuwa na furaha hata ya sumni.

"Mimi sisaini," nikamwambia. "Bantu batasema tuliogopa mama mwenye mtoto."

Alinitazama kama nimemtemea mate.

"Basi kuanzia leo wewe si kapiteni."

Hivyo tu. Mbele ya timu yangu yote.

Ngoja niwaambie huyu Anastase alikuwa mtu gani.

Alikuja kwetu mwaka uliotangulia, akitokea shule hiyo hiyo ya Nkanka. Wazazi walimpenda kufa. Kabla ya mazoezi, sala. Nywele, ziwe fupi. Kaptula zetu alizipima kwa rula, mmoja mmoja, magotini, huku akituhubiria juu ya heshima ya binti.

Leo nikiikumbuka ile rula, ngozi inanisisimka vibaya.

Basi, akaenda mwenyewe kulalamika kwenye komite ya michezo. Wakatuita Jumamosi asubuhi, darasa moja pale Kamembe. Mimi niliitwa kwa sababu jina langu ndilo lililokuwa kwenye karatasi ya mechi kama kapiteni.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Twagirayezu, mwalimu mstaafu, mtu wa kuongea polepole mpaka unatamani kumsaidia maneno. Védastine alikaa kwenye dawati la mbele na yunifomu yake. Pembeni mama yake, Maman Nyirabahire, yule wa kitenge cha kijani, anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, sokoni. Mtoto mgongoni, amelala.

Kocha akasimama. Akaanza na Kifaransa, akamalizia na Kiswahili. Maadili. Mfano mbaya. Jina la michezo ya shule. Aliomba Védastine afutwe msimu mzima, asikanyage mkoani.

Mzee akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kanuni inataka mchezaji awe mwanafunzi na umri usizidi kiwango," akasema. "Binti, unasoma?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umeolewa?"

"Hapana, Mzee."

"Kuzaa hakumo katika kanuni. Serikali yenyewe inawarudisha shule mabinti waliozaa. Mimi ni nani nimtoe uwanjani?"

Nikadhani yameisha. Mzee akanigeukia.

"Na wewe kapiteni, juu ya nini haukusaini?"

Kocha alikuwa ananikazia macho.

"Tulikuwa tumeshinda, Mzee. Nilimuuliza kocha tunalalamika nini. Sikuelewa."

Mzee akavua miwani.

"Hata mimi sielewi. Miaka yote hii nimeona walioshindwa bakilia. Leo njo naona mshindi analia. Anastase, unataka nini kwa huyu binti?"

Kocha akatazama mlangoni.

Maman Nyirabahire akamgusa binti yake begani. "Sema, mwanangu. Ao nitasema miye."

Védastine alikuwa anaangalia dawati. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikukatika.

"Mashindano ya mkoa yatafanyika shule kwenye bibi ya kocha, mke wake, anafundisha. Tutalala pale siku zote za mashindano. Hataki bibi yake aone mutoto."

"Asimuone juu ya nini?"

"Juu ni wake."

Mtu asiniambie eti moyo hauwezi kusimama. Wangu ulisimama.

"Uongo!" Kocha akapiga meza. "Huyu mutoto muzinzi ananichafua!"

Maman Nyirabahire alifungua kitenge taratibu, akamtoa mjukuu wake, akamketisha juu ya meza ya komite, uso kwa uso na kocha.

Kitoto kilikuwa kimeamka. Nyusi zake zilikuwa zimekutana katikati. Nikamtazama kocha.

Nyusi zimekutana katikati.

Mtoto akanyoosha mkono, akakamata filimbi iliyoning'inia shingoni mwa kocha, akaitia mdomoni. Watoto ndivyo walivyo, kila kitu ni chakula.

Kocha akaivuta kwa nguvu. Halafu akaifuta kwenye suruali. Akaifuta tena. Na tena. Kama vile imeguswa na kinyesi.

Mwanawe mwenyewe.

Nilitoka nje nikatapika. Sioni haya kusema.

Niliporudi, Védastine alikuwa anaeleza yote. Huyu alikuwa kocha wake kule Nkanka. Alipomtia mimba, binti alikuwa hajafikisha miaka kumi na nane. Alimwambia, "Ukisema, utafukuzwa shule, na mama yako watamcheka soko nzima." Mimba ilipoanza kuonekana, yeye akahama. Akaja kutupima kaptula sisi.

Mzee Twagirayezu akamwambia kocha neno moja: "Kaa."

Akatoa simu, akapiga polisi mbele yetu. Leo ninavyoandika, Anastase yuko ndani, kesi inaendelea.

Mnadhani uchafu uliishia hapo?

Wiki hiyo hiyo wanaume watatu wenye makoti, wa upande wa Anastase, walikwenda nyumbani kwa Maman Nyirabahire na kreti za Fanta. "Maman, tumalize kifamilia. Muntu anaweza kuteleza." Aliwamwagia maji aliyooshea sambaza. Makoti yote!

Na shuleni kwetu? Mugwaneza aliacha kuongea na mimi. "Umetuharibia msimu," akasema. "Ungesaini tu, kocha angebaki."

Mwalimu mmoja, mwanamke, tena mwenye mabinti, akaniambia, "Yule msichana naye hakuona aibu kumleta mtoto uwanjani?"

Aibu ya nani, Madame? Nilimuuliza hivyo. Akaondoka.

Mkoani tulienda na mwalimu wa jiografia, hajui hata faulo. Tukatolewa mechi ya kwanza. Nkanka walifika nusu fainali. Védastine alicheza kila dakika, na kila mapumziko alinyonyesha.

Siku ya pili nilimwona mwanamke mmoja anatembea kuelekea walipokaa wao, amebeba beseni la maji ya moto. Nikaulizia, nikaambiwa ndiye mke wa Anastase. Nikajua sasa patachimbika.

Akaliweka beseni chini mbele ya Maman Nyirabahire.

"Ya kuogesha mutoto," akasema. "Huku asubuhi kuna baridi."

Akasimama kidogo akimwangalia yule mtoto. Akajifuta machozi na kiganja, akarudi darasani kwake. Sijawahi kuona mtu amebeba mzigo usio wake kwa adabu namna ile.

Sasa sikieni mwisho.

Juzi ulifanyika mkutano wa kuandaa msimu mpya. Nimeshamaliza shule, lakini Mzee Twagirayezu aliniomba nihudhurie. Walimu wa michezo walijaa. Pendekezo la kwanza kabisa la kubadilisha kanuni lilikuwa hili: wasichana waliozaa wasisajiliwe tena, "ili kuepusha aibu."

La kuwachunguza makocha je? Halikuwepo. La pili lilihusu rangi za jezi.

Mikono mingi ilinyooshwa kuliunga mkono lile la kwanza. Mzee akaomba nizungumze. Nikawasimulia habari ya filimbi, kama nilivyowasimulia ninyi. Mikono ikashuka mmoja mmoja, mingine kwa shingo upande. Pendekezo likaanguka kwa tofauti ya kura chache sana. Chache mno kwa watu tunaowakabidhi watoto wetu.

Dada yangu unayesoma hapa, mtu mzima akikuambia "ukisema utafukuzwa", jua kwamba anayeogopa kufukuzwa ni yeye. Sema. Mwambie mama, mwambie jirani, na wasiposikia, sema tena kwa sauti zaidi.