Ukoo Usio na Pumu

Dawa ninayoivuta kwa inhela kila kifua kinapobana, mwanariadha naye anaruhusiwa kuivuta, mradi asizidishe kipimo. Dawa hiyohiyo ikitengenezwa kuwa kidonge, na mwanariadha akakimeza, amevunja sheria, awe uwanjani au awe amelala kwao. Nilielezwa hivyo kwa simu na kijana mmoja wa chama cha riadha, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza. Nilimuuliza kama anajua ni zahanati ngapi za huku kwetu zenye inhela kabatini. Akanijibu, "Mama, sheria ni ya dunia nzima." Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, ingawa haikuishia kwake. Yeye angalau hakuwa ndugu yangu.

Aliyemeza ni binti mkubwa wa kaka yangu. Anakimbia mbio ndefu za barabarani, na hiyo ndiyo kazi yake. Anaishi na klabu yake Arusha, na nyumbani kwao Ihanda hurudi mara chache. Mwaka jana alirudi Julai, wakati wa kahawa, na kama mtoto yeyote anayerudi wakati wa kahawa, alikabidhiwa reki kabla hajamaliza chai. Akashinda uani akigeuza kahawa ya maganda kwenye maturubai, vumbi likimpanda usoni, na ng'ambo ya bonde watu wakichoma nyasi. Jua lilipoanza kushuka kifua kikafunga. Inhela yake ilikuwa imekwisha, na duka la dawa la karibu halikuwa nayo. Bodaboda ikampeleka zahanati akiwa ameketi katikati, mama yake nyuma amemkumbatia asianguke, na tabibu akampa alichokuwa nacho, yaani vidonge. Sina neno baya kwa tabibu yule. Alimkuta binti anazama nchi kavu, akamvuta kwa kamba iliyokuwa mkononi mwake.

Akavimeza vile vidonge mpaka alipopata nafuu, akarudi Arusha, akakimbia, akamaliza miongoni mwa wa mbele, akaitwa kupimwa. Baada ya kutoa mkojo, afisa wa upimaji akamuuliza swali ambalo kila mwanariadha huulizwa: siku za karibuni umetumia dawa yoyote? Kiongozi wa klabu yake alikuwa amesimama kando. Binti akajibu, "Hapana."

Ni kweli kwamba hakujua kidonge ni kosa. Lakini hilo silo lililomfunga mdomo. Kilichomfunga ni sisi.

Katika ukoo wetu pumu haitajwi. Mama yangu mzazi aliishi nayo, nasi tulifundishwa kusema kwamba mama ana mafua. Alikuwa na mafua kiangazi na masika, alikuwa na mafua ya kumfanya ashike mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na mwisho akazikwa na mafua yake. Mimi niligunduliwa kuwa na pumu nikiwa chuoni. Nilirudi nyumbani na inhela yangu, na siku moja nikaivuta mezani wageni wakiwapo. Kaka yangu akanikanyaga mguu.

"Ficha hicho kitu."

"Kwa nini?"

"Una wadogo zako hawajaolewa."

Maana huku kwetu, kabla binti hajaposwa, upande wa kijana hutuma watu kuuliza kwa majirani: kuna kifafa pale? Kuna ukoma? Kuna kifua? Nyumba yenye kifua huepukwa kama shamba la migomba lenye mnyauko. Hakuna anayekuja kuomba chipukizi hapo. Ndiyo maana binti wa kaka yangu alikua akijua maneno mawili ya kumjibu mgeni yeyote anayemuuliza hali yake: mzima, au mafua. Aliyapeleka Arusha, klabuni, na hadi kwenye chumba cha kupimia mkojo.

Majibu yalipotoka na akasimamishwa kwa muda, alikuja kwangu Kayanga. Nilisoma kila alichotumiwa, mara mbili, na nikaona njia. Akithibitisha kwamba ni mgonjwa tangu utotoni, na kwamba vile vidonge vilikuwa tiba ya dharura, angeweza kuombewa kibali cha matibabu hata baada ya tukio, au walau aadhibiwe kama mtu aliyekosea na si kama mtu aliyeiba. Maelezo ya tabibu yangepatikana. Yaliyokosekana ni ya utoto wake, na hayo aliyajua mama yake. Nilimwambia kesho twende Ihanda.

"Hapana, shangazi. Mdogo wangu anachumbiwa."

Nilijua. Walikuwa watu wa Kimuli, kule Kyerwa, na mimi kama shangazi nilitakiwa kuwapo siku watakapokuja.

"Nikisema nina pumu," akaendelea, "watasema naye anayo."

"Na usiposema?"

"Nitafungiwa miaka. Nitalima."

Alilisema neno hilo kwa wepesi, miguu yake ile ameikunja chini ya kiti, na mimi nikaondoka asubuhi peke yangu.

Kaka yangu nilimkuta akipogoa mibuni. Nilimwamkia, akaitikia bila kushusha panga.

"Marahaba. Ulichokuja kusema nakijua, kwa hiyo kunywa chai urudi."

"Binti yako anatangazwa redioni kuwa mdanganyifu."

"Redio ina kitufe cha kuzimia."

"Watamnyang'anya kazi yake, kaka."

"Atafanya nyingine. Mwizi akimaliza kifungo anarudi kwake, watu wanasahau. Pumu inasahaulika lini? Wewe msomi niambie. Inasahaulika lini?"

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka, au kilitupwa. Wifi yangu alikuwa humo ndani na moshi wake, na alikuwa akisikia. Hakutoka.

Nilirudi Kayanga. Nimefundisha watoto wa watu miaka mingi na nimesikia ujinga wa kila namna, lakini ule ulikuwa na mantiki, na hiyo ndiyo iliyonikera zaidi. Kaka yangu alikuwa tayari mwanawe aitwe mwizi wa ushindi mbele ya taifa zima, ili mradi asiitwe mgonjwa mbele ya majirani. Na wale wenye sheria, walioko mbali, walikuwa tayari kuamini kwamba mtu asiyetaja ugonjwa wake lazima anaficha hila. Katikati yao alikaa binti anayeweza kukimbia kuliko sisi sote tukijumlishwa, akisubiri wakubwa wamalize.

Wageni wa Kimuli walikuja Jumamosi. Tulisalimiana kwa mapana yake, wanawake tukapiga magoti inavyopasa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikapita, na ndizi zikawa zinachemka. Msemaji wao mkuu alikuwa shangazi wa kijana, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alizungumza vizuri. Kisha akaweka glasi chini.

"Waitu, ndugu zetu, tusilaumiane kwa kuuliza. Nasi tuna redio. Huyu mkimbiaji wenu, hizo dawa alizokamatwa nazo ni za namna gani? Maana sisi kijana wetu tunamtafutia nyumba, hatumtafutii kituo cha polisi."

Watu wakacheka. Kaka yangu akacheka nao, tena kwa sauti, na akajibu kama mtu aliyekuwa amejiandaa.

"Wivu wa wenzake tu. Walimtilia kitu kwenye maji ya kunywa."

Binti mwenyewe alikuwa ameketi karibu na mlango na sinia la vikombe magotini. Alimwangalia baba yake kwa mshangao, kisha akainama. Wenzake hao ndio waliomchangia nauli ya kurudi nyumbani. Sasa alikuwa anaambiwa anyamaze hata juu ya hilo.

"Hakuna aliyemtilia kitu," nikasema. "Ni vidonge vya pumu. Ana pumu. Mama yetu alikuwa nayo, akafa nayo. Mimi ninayo, na dawa yangu iko humu kwenye mkoba, mnaweza kuiona."

Nikaitoa. Hakuna aliyeigusa.

Mzee mmoja wao akapumua. "Pumu? Jamani, sisi tulishafika kwenye bangi."

Walicheka tena, ila shangazi yao hakucheka. "Na huyu tuliyemfuata?"

"Sijapata kumwona amebanwa. Lakini ni mtoto wa nyumba hii. Siwezi kukuapia."

Walimaliza kilichokuwa kwenye glasi, wakashukuru, wakasema njia ni ndefu. Wageni wa posa kuondoka ndizi zikiwa zimeiva chunguni, huku kwetu hilo halihitaji mkalimani. Kaka yangu aliwasindikiza hadi barabarani, akarudi, akanipita kama unavyopitwa mgomba. Binti mdogo alitoka chumba cha ndani akiwa bado amevaa gauni lake jipya.

"Shangazi, ulimwuliza dada, ukamwuliza na baba. Mimi hukuniuliza."

Nikairudisha inhela yangu mkobani.

Siku ya kusikilizwa shauri, kikao kilifanyika kwa kompyuta, sebuleni kwangu. Mimi na binti tulikuwa tumeketi tayari mlango ulipogongwa. Alikuwa wifi yangu, vumbi la barabara hadi kwenye nyusi, na bodaboda bado inaunguruma nje.

"Nimekuja kusema," akaniambia. "Nikisubiri ruhusa nitazeeka."

Alisema. Sikuwa nimepata kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. Alieleza jinsi mtoto alivyoanza kubanwa hata kabla hajaachishwa ziwa. Jinsi alivyojifunza kulala amemwegemeza kifuani, ili pumzi ikibadilika aisikie kwa ngozi. Jinsi alivyomtembeza kutoka zahanati hii hadi ile, kila mahali akisema mafua. Wanakikao hawakumkatiza. Alipomaliza, mwenyekiti akauliza, kwa upole, kwa nini basi binti alimwambia afisa hapana.

"Kwa sababu nilimlea vizuri," wifi akajibu. "Alitii."

Uamuzi ulikuja baada ya wiki kadhaa. Walikubali kwamba alijitibu na hakudanganya kwa ajili ya ushindi. Lakini hakuwa na kibali, na aliulizwa akaficha. Kwa hiyo matokeo ya mbio zile yalifutwa, na akafungiwa miezi badala ya miaka. Watu wa kanisani wananiambia nishukuru. Sishukuru. Miezi hiyo analipa yeye, na walioificha pumu ndani ya neno mafua hawakufungiwa hata siku moja. Kaka yangu hajaitikia salamu yangu tangu Jumamosi ile. Watu wa Kimuli wametuma salamu kwamba jambo lao lingoje mavuno yapite, kana kwamba binti ni ndama anayeangaliwa kama atapona kabla ya kununuliwa. Kijana mwenyewe bado humpigia simu. Wanazungumza nini, mimi siambiwi, na nimestahili nisiambiwe.

Binti mkubwa alirudi Arusha kujifua peke yake hadi kifungo kiishe. Nilimsindikiza stendi ya Kayanga na inhela mbili mpya kwenye begi. Kabla hajapanda basi aliniuliza, kwa sauti ya kawaida, abiria wengine wakisikia.

"Shangazi, nikibanwa tena nikiwa nyumbani, na zahanati wana vidonge tu. Nimeze, nisimeze?"

Nilimfikiria yule kijana wa chama na dunia yake nzima.

"Meza," nikamwambia. "Meza upumue. Halafu wapigie simu siku hiyohiyo, uwaambie umemeza nini, na kwa nini, na kwamba ukoo wenu una pumu."