Ukoo wa Bawabu wa Ngome

Nakumbuka alasiri moja ya theluji hapa Etobicoke, Toronto, mwanangu, nikiwa msichana wa miaka ishirini na sita. Nakusimulia kwa sababu jana uliniuliza kama ukoo wetu ulikuwa wa machifu, ili uandike hivyo kwenye kadi ya harusi yako. Nisikilize kwanza.

Kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Mmoja wao alikuwa Bibi Halina, mjane wa Kipolandi. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipowafukuza kwao, yeye na wenzake waliletwa Tengeru, karibu na kwetu Arusha, akakaa kambini miaka kadhaa na kujifunza Kiswahili. Siku aliponisikia nikiongea na mama yangu kwa simu, alilia. Tangu hapo tulizungumza Kiswahili tu, na binti yake Krystyna akabaki kututazama, haelewi hata neno.

Sebuleni ilitundikwa picha ya ngome ya mawe, ya kale mno, iliyoko kijijini kwao. Krystyna aliwaambia wageni wote kwamba wao ni kizazi cha mabwana walioijenga. Bibi hakuwahi kumkanusha. Lakini alasiri ile, Krystyna akiwa kazini, Bibi alinishika mkono.

"Hatukuwa mabwana," alisema. "Babu yetu wa kale alikuwa bawabu. Wavamizi walipokuja na farasi zao, wanakijiji walikimbilia ngomeni. Bwana akaamuru lango lifungwe. Babu akalifunga. Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa nje na mkewe na watoto, wanagonga. Wote walichinjwa pale pale, yeye anasikia."

Nilisogeza kiti karibu naye.

"Mama yangu alinisimulia, naye alisimuliwa na mama yake. Mimi kumwambia Krystyna nimeshindwa. Nikitaka kuyasema kwa lugha yetu, mdomo haufunguki. Nikifa, mwambie wewe. Usimpambie."

"Nitamwambia, Bibi."

Alifariki kabla theluji haijayeyuka. Baada ya mazishi, watu wakiwa wanakula, Krystyna aliniuliza mbele yao mama yake alikuwa akinisimulia nini siku zote zile. Macho yalikuwa yamemvimba. Nikamwonea huruma, mwanangu, na kusema kweli nilitaka pia wanipende. Nikajibu, "Alisema babu zenu waliilinda ngome ile kwa ushujaa."

Watu wakapiga makofi.

Kiangazi kilipofika, Krystyna alichongesha jina la ukoo wao kwenye kibao cha marumaru, akasafiri nacho hadi Poland ili kiwekwe ukutani mwa kanisa la kijiji. Wazee wa pale walipolisoma lile jina, wakalitambua kuwa la yule bawabu. Kikongwe mmoja akampeleka mpaka langoni mwa ngome, akamwonyesha walipozikwa wale waliofungiwa nje, akamweleza yote. Kisha akamwambia aondoke na kibao chake.

Aliporudi Toronto alikuja moja kwa moja kwangu, na mizigo yake mkononi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mama alikuachia wewe. Nawe ukaniacha nikasimame juu ya makaburi ya watu wale nikijisifu."

Akaondoka na mizigo yake. Nilimwandikia barua tatu, zote zikarudi hazijafunguliwa. Imepita zaidi ya miaka thelathini, na sijamwona tena.

Basi, swali lako. Hatukuwa machifu. Babu yangu alikuwa mpagazi wa Wazungu, na safari moja alimwacha mwenzake mgonjwa porini, akafa huko. Baba aliniambia, nami nakuambia, ingawa najua si maneno ya kadi ya harusi.

Ukikabidhiwa neno la mtu, mwanangu, lifikishe kama lilivyo, hata kama litamuumiza umpendaye. Akiumia mbele yako utamshika mkono. Krystyna aliumia ugenini, peke yake, kwa sababu yangu.

Mungu aibariki ndoa yako. Akupe moyo wa kusema kweli kwa upole, na watoto watakaokuuliza bila kuogopa. Amina.