Somo Mwenye Lulu

Chuoni kwetu kulikuwa na jumba la matofali mekundu, nguzo nne nyeupe mbele, na juu ya mlango herufi tatu za Kigiriki. Humo waliishi wasichana waliojiita madada, na jambo la kwanza watakalokwambia, kabla hata ya kukuuliza jina, ni kwamba udada wao ndio mkongwe kuliko wote pale chuoni. Jumba la ng'ambo ya barabara nalo lilikuwa na nguzo, herufi na madada, na nalo likidai ndilo kongwe. Majumba hayo mawili hayakuwa yakiamkiana. Mgiriki pekee niliyemjua mie alikuwa na mgahawa njiani kwetu. Siku moja nikamwonyesha zile herufi kwenye kadi, akazitazama kwa makini, akaniuliza kama nina mtihani wa hesabu.

Basi mie, mtoto wa Unguja, niliyekuja Marekani kusoma na kukaa kwa shangazi yangu Riverdale Park katika fleti ya vyumba viwili, nikaona maisha hayajawa maisha mpaka niingie jumba lile. Sasa nacheka, lakini wakati ule sikuwa nacheka. Mwaka mzima darasani hakuna aliyeweza kulitamka jina langu sawasawa. Mchana nilikula peke yangu kwenye ngazi za maktaba, na wao wakipita mbele yangu kumi kumi, wameshikana mikono, wanachekea jambo ambalo mie silijui. Nilikuwa mpweke, ndio ukweli wenyewe.

Kuingia kwenyewe si kuingia tu, bibi wee. Unafundishwa wiki nane. Unapewa dada mkubwa wa kukushika mkono, na wangu alikuwa msichana wa miaka ishirini na moja, mwenye mkufu wa lulu ambao sikuwahi kumwona ameuvua. Alinifundisha majina ya waasisi watano, ambao picha zao zilitundikwa sebuleni, wasichana wadogo wa zamani, wamenuna kama waliotoka kung'olewa meno. Akanifundisha wimbo. Akanifundisha kupeana mkono huku kidole kimoja umekikunja. Akanifundisha kukaa kitini nimepishanisha vifundo vya miguu, wala si magoti, maana magoti ni ya jumba la ng'ambo. Nikayakariri yote hayo kwa bidii ambayo mwalimu wangu wa Kurani hakuiona hata siku moja, na bakora alikuwa nayo. Juu ya yote kulikuwa na sharti moja: usimwambie mtu.

Sasa, shangazi yangu. Pale Marekani alikuwa akikunja mashuka katika hoteli mjini, lakini kwetu alikuwa somo, na si somo wa kubahatisha. Nusu ya maharusi wa mtaani kwetu walipita mikononi mwake. Aliwachukua wangali wari, akawafunda mambo ya utu uzima ambayo mama mzazi hayasemi, na siku ya harusi akakaa nao mkekani, bega kwa bega, mpaka mume aje. Mtu wa namna hiyo humfichi kitu.

"Unakwenda wapi kila Jumapili?" akaniuliza siku moja, yuko na pasi yake mkononi.

"Siwezi kusema, shangazi. Ni siri."

"Siri ya nini?"

"Kuna dada mkubwa ananifundisha mambo. Tuko wari kumi na wawili. Tukimaliza, tunaingizwa."

Nilisema wari kwa mzaha, nikangoja matusi. Lo! Shangazi aliweka pasi chini, akapiga kigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. "Alhamdulillahi! Kumbe na hawa watu wana unyago! Basi usinambie tena, mwanangu. Ya unyagoni hayatolewi nje. Mshike somo wako adabu, basi, hilo tu."

Ningemweleza pale pale, yangekwisha. Lakini alikuwa amefurahi, na mie moyoni nilikuwa namcheka, nikamwacha na furaha yake.

Jumapili ya mwisho ilikuwa ya chai. Wanakuja madada wazee, wale waliomaliza chuo zamani, wanatukagua, na jioni jumba linapiga kura nani aingie na nani arudi kwao. Dada mkubwa alikuwa ameshaninong'oneza kwamba kura zangu hazitoshi. Wasichana wenyewe hawana neno, alisema, ila baadhi ya wazee hawaelewi mie natoka familia ya namna gani. Nilikaa kwenye ukingo wa kiti, vifundo nimepishanisha, na roho iko mkononi.

Nilichosahau ni kadi ya mwaliko. Niliibandika mwenyewe kwenye friji, kwa maringo, ikiwa na anwani na saa. Na kwetu mwari akimaliza kufundwa, jamaa zake hawakai nyumbani wakapiga miayo. Humwendea somo na shukurani.

Mlango ukafunguliwa. Aliyetangulia ni jirani yetu Mkongo, dereva wa teksi, amebeba sinia la biriani kwa mikono miwili. Nyuma yake shangazi, na buibui lake la sikukuu, udi umemtangulia hatua kumi, doti ya kanga mpya kifuani. Mkongo akatafuta pahala, akalitua sinia juu ya piano. "Maman, nakungoja inje," akasema, akatoka.

Bibi mmoja mwenye lulu za safu tatu akanigeukia. "Mpenzi, huyu ni nani?"

Nilikuwa na muda wa kutosha kujibu vizuri. Hilo ndilo linaloniuma, sikukurupushwa.

"Ni mpishi wetu," nikasema. "Mpishi wa nyumbani."

Laiti mngeziona zile nyuso zinavyofunguka! Kumbe familia ina mpishi! Mmoja akauliza kama baba yuko ubalozini, na mie nikatabasamu tabasamu la mtu aliyekatazwa kusema. Baba yangu alikuwa akiuza spea za baiskeli Darajani. Bibi wa safu tatu akanipapasa mkono, akasema siku zote alijua nina malezi, na uongo huo ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

Shangazi hakungoja kukaribishwa. Aliuliza kwa macho nani dada mkubwa, akamwona anavyonikodolea, akamwendea. Akaikunjua kanga, akamfunika mabegani, akamshika mikono yote miwili. "Somo, ahsante," akasema. "Sasa nambie mbele ya watu. Umemfundisha nini mwanangu?"

Ndivyo inavyoulizwa. Somo hujibu, akatunzwa, shughuli ikaisha. Wote wakanitazama mie nitafsiri.

"Anauliza kama mtapenda limau," nikasema.

Wakacheka, wakasema ndio, limau, vizuri sana. Dada mkubwa akaivua ile kanga mabegani, akaitandika chini ya sinia ili mafuta yasiharibu piano.

Shangazi akaitazama kanga. Kisha akanitazama mie, wala si kwa muda mrefu. Akashika mwiko, akawapakulia mmoja mmoja, akianza na wazee, akipita upande wa kushoto wa kila kiti kama wanavyofanya wahudumu wa hotelini. Mie akaniacha mwisho. Akainama, sahani juu ya kiganja, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu:

"Limau, madam?"

Miaka sita katika hoteli ile. Nilikuwa nimesahau kwamba mkunja mashuka naye ana masikio.

Jioni ile nilipita kwa kura zote. Zote, wallahi! Na biriani ilisifiwa. Nikavishwa beji yenye herufi tatu, nikaimba wimbo, nikalia, wakadhani ni furaha.

Nyumbani shangazi hakunigombeza. Ila tangu siku ile jina langu likawa madam. Madam, simu yako. Madam, umeacha taa inawaka. Nilimwomba radhi mpaka nikachoka. "Radhi ya nini, madam?" akasema. "Mpishi ana radhi gani ya kutoa?" Mkataa kwao mtumwa, husemwa, na mie hata utumwa wenyewe nilikuwa nimeukariri wiki nane.

Nikaolewa mwaka niliomaliza chuo. Shughuli ya wanawake ilifanyika Springfield, nyumbani kwa wifi yangu mtarajiwa. Nimekaa mkekani, mikono na miguu imepakwa hina, wanawake wa pwani wamejaa ukutani mpaka ukutani. Wakaja pia madada zangu wanne wa jumba lile, akiwemo dada mkubwa, lulu shingoni. Kwa heshima yao wakaimba ule wimbo. Mbona watu walivumilia.

Shangazi alifika mwisho. Alikuwa amevaa aproni. Akapita katikati ya watu, hakutazama mkeka, akaingia jikoni moja kwa moja.

"Somo! Njoo ukae, mwari wako anakungoja!" wakamwita.

"Somo anaye," akajibu kutoka huko huko. "Tena mwenye lulu. Mie mpishi."

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Dada mkubwa alikuwa amechungulia jikoni, akaja kwangu mbio amefurahi kwelikweli. "Mpishi wenu bado yupo!"

Nikainuka. Bibi harusi hainuki, na hina mbichi, lakini nikainuka, nikaenda nikasimama mlangoni mwa jikoni, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti, kila mtu asikie. "Huyu si mpishi. Ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea hapa. Siku ile nilidanganya, kwa sababu nilimwonea haya."

Dada mkubwa akacheka kwa adabu. Naona alidhani ni sehemu ya mila.

Shangazi hakugeuka. Alikuwa anakoroga. "Rudi ukakae," akasema. "Hina haijakauka."

Hakusema madam. Nikarudi na hilo, nikakaa, nikalishika. Pahala pa somo, ubavuni pangu, palikuwa patupu, na wanawake wote wanapakwepa. Yule dada mkubwa, maskini, asiyejua kitu, akaona mto mzuri hauna mtu. Akaja akakaa, vifundo amevipishanisha. Nyumba nzima ikavuta pumzi.

Sauti ikatoka jikoni. "Haya, keshakaa. Muulizeni basi. Amemfundisha nini mwanangu?"

Wote wakanigeukia mie. Safari hii nikatafsiri neno kwa neno.

Dada mkubwa akafikiri. Akazishika lulu zake, akatazama dari, akatazama wale wenzake watatu, nao wakatazama chini. Kisha akanitabasamia, akasema hakumbuki tena.